Mpaka Injini Ipoe

Mama mkubwa wangu, yaani dada wa kwanza wa mama yangu, ana viti vya plastiki mia tatu na hamsini, na hajawahi kukodisha hata kimoja kabla hajakikalia mwenyewe. Siku moja kabla ya shughuli ya mtu anavipanga uani safu kwa safu. Anakaa, anajitikisa kulia, anajitikisa kushoto, anasimama, anahamia cha pili. Si mwembamba, na hilo halimtii aibu hata chembe. Anasema mwili wake ndio mashine ya kupimia. Ukipita nje ya ukuta ukasikia plastiki zinalia kri kri, ujue kesho kuna mtu anaoa. Mtaa mzima unamwita Mama Viti, na wapo watoto wanaoamini kabisa kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Nayasema haya mapema ili mjue ni mtu gani ambaye dalali wa magari alidhani atammaliza asubuhi moja kisha arudi zake kunywa chai.

Viti havikuwa na neno. Taabu ilikuwa kuvifikisha. Mumewe alipofariki, miaka sita nyuma, mdogo wa marehemu alijitolea kuvibeba kwa pikapu yake, kwa malipo, na sote tulimshukuru. Mimi namwita baba mdogo, naye mama mkubwa humwita shemeji, heshima zote ziko pale pale. Lakini kujitolea kule kukaota mizizi. Kwanza akawa anachelewa. Kisha akawa ndiye anayeamua nani akodishiwe na nani asikodishiwe, kutegemea kama siku hiyo yeye ana nafasi. Mwisho akaanza kuviita "viti vya kaka". Viti vya kaka! Marehemu aliacha viti ishirini. Hivyo mia tatu na thelathini vingine vilinunuliwa na mizimu?

Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, alifariki mzee mmoja mtaa wa pili. Viti vilitakiwa saa tatu asubuhi. Shemeji alipitia kwanza kubeba saruji ya mtu, akatokea saa saba. Waombolezaji walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi, mama mmoja alishazimia, na jeneza ndiyo kwanza linatoka mlangoni. Kesho yake mama mkubwa alikwenda peke yake kwa wafiwa kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Sijawahi kumwona akilia kwa ajili ya kazi ila siku ile. Alipomaliza kufuta machozi alisema neno moja tu: "Basi."

Wiki chache baadaye mwalimu mkuu wa sekondari ya jirani akampa nafasi. Mahafali, mkutano wa wazazi, siku ya michezo, viti vyote vya mwaka mzima vitoke kwake, kwa sharti moja. "Mimi nataka viti vifike kabla ya wageni," alimwambia. "Nikikuona umekuja na yule bwana wako wa pikapu, nachukua kwa mwingine." Mahafali yalikuwa Jumamosi. Mama mkubwa alikuwa na akiba yake ya miaka na siku tano za kutafuta gari. Akikosa gari, anakosa shule, na anarudi kusimama barabarani mkono kiunoni akimsubiri shemeji mpaka uzeeni. Na akinunua gari bovu, anakosa shule na akiba pia.

Tulikwenda yadi watu wanne. Mama mkubwa, mwenye pesa. Mimi, karani wa duka la dawa, niliyechukuliwa kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu ni mwoga; anasema kila safari inataka mwoga mmoja, wa kukuonyesha pa kuogopa. Shemeji, ambaye hakuna aliyemwalika, akifuata kwa pikapu yake. Na fundi wa magari, aliyealikwa na shemeji.

"Huwezi kununua gari bila mwanamume wa kulikagua," shemeji alikuwa amesema asubuhi ile mlangoni. Mama mkubwa alikuwa anatafuta pochi yake.

Dalali alitupokea kwa bashasha zote. Shati limepigwa pasi, ufunguo unazunguka kidoleni. Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe, imepauka juu, lakini nyuma ilikuwa ndefu ya kutosha viti mia kwa safari moja, na hilo mama mkubwa alilipima kwa hatua zake kabla hata ya kuitikia salamu. Dalali akamgeukia shemeji. "Mzee, hii ni kitu safi. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, kwenda sokoni na kurudi, basi." Akaingia, akazungusha ufunguo mara moja tu, injini ikaitika papo hapo. "Sikia hiyo! Cherehani!"

Shemeji akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. Mama mkubwa akauweka mkono wake juu ya boneti, akauacha pale.

"Limetoka wapi asubuhi hii?" akauliza.

"Halijatoka popote, mama. Liko hapa hapa tangu juzi."

"Mbona lina joto namna hii?"

"Aa, hilo ni jua tu, mama."

Mama mkubwa akatazama juu. Tulikuwa chini ya paa la mabati. Akahamia gari la pembeni, akaweka mkono kwenye boneti yake, akauondoa. "Hili la jirani yake jua limelisamehe?"

Dalali akacheka, lakini kicheko kilikuwa kimekatwa mkia. "Sawa, mama, tumelipasha moto kidogo. Ndiyo kazi yetu ilivyo. Kila yadi wanafanya hivyo. Mteja akija, akute gari limeshachangamka, tusimpotezee muda." Na nadhani alikuwa anasema kweli. Kwao ni adabu, kama kufagia ukumbi kabla ya mgeni hajafika. Hakujua kwamba alikuwa anazungumza na mtu ambaye hutaka kuuona ukumbi kabla haujafagiliwa.

Wakati huo fundi alishafungua boneti. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akamnong'oneza shemeji, shemeji naye akamnong'oneza, kisha fundi akajifuta mikono na kutoa hukumu. "Mama, hapa hakuna gari. Injini imekwisha, itataka kufunguliwa yote. Achana nalo."

"Imekwisha wapi?" dalali akaruka. "Gari zima hili! Naapa!"

"Umesikia mwenyewe, shemeji," akasema baba mdogo, na sauti yake ilikuwa laini, ile anayoitumia misibani. "Hela zako ziweke. Mimi si nipo? Viti vya kaka vitabebwa."

Kusema kweli, mimi nilikuwa upande wa fundi. Nilimvuta mama mkubwa pembeni. "Twende zetu," nikamwambia. "Likiwa bovu, akiba yote imekwenda na maji."

"Mwanangu," akanijibu bila kupunguza sauti, "mmoja anasema zima lote, mwingine anasema limekufa lote, na hakuna hata mmoja kati yao aliyenionyesha likiamka likiwa baridi." Akamgeukia dalali na kunyoosha kiganja. "Zima. Nipe ufunguo. Nitasubiri mpaka injini ipoe."

"Mama, itachukua muda mrefu."

"Nina muda."

Dalali akampa ufunguo, na hapo ndipo alipofanya kosa la pili la siku. Alidhani ni mama mmoja mtu mzima, atakaa nusu saa, kiuno kitamuuma, atakwenda zake au atalipa. Kwa upole kabisa akamletea kiti. Kiti cha plastiki! Kumpa Mama Viti kiti ukitegemea achoke kukikalia, hapana, hilo nililicheka moyoni hata pamoja na hofu yangu. Alikiangalia, akakigeuza miguu juu, akapitisha kidole kwenye mguu mmoja. "Hiki kina ufa. Akija mteja mnene atakuangukia, uanze kumlipia hospitali. Niletee kingine." Akaletewa kingine. Akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, akatulia mbele ya ile pikapu, pochi mapajani, ufunguo ndani ya ngumi.

Ilikuwa haijafika saa nne.

Saa tano shemeji alianza kuzunguka. "Watu wanatuangalia," akasema.

"Waangalie."

Saa sita dalali alikuja mbio, akasema kuna tajiri amepiga simu, analitaka gari hilo hilo, yuko njiani, na analipa bila maneno. "Mwambie aje," mama mkubwa akamjibu. "Na yeye nitamsimulia kwa nini nimekaa hapa." Tajiri hakutokea. Baada ya muda dalali akaomba ufunguo kidogo tu, eti alisogeze gari lisizibe njia. "Linaziba njia ya nani? Lisukumeni." Fundi alikwenda kula, akarudi. Shemeji alikwenda kuongea na simu nyuma ya ukuta, akarudi na uso umekunjwa zaidi. Mimi nilimletea mama mkubwa maji, akanywa nusu, nusu akanawa uso.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilianza saa sita na nusu. Waliingia mume na mke kutazama gari dogo jekundu upande wa pili. Dalali mwingine wa yadi akaliwasha, likaitika vizuri. Yule mke akawa anamtazama mama mkubwa. Akamwuliza mtu wa getini kwa nini mama yule ameketi pale kama amewekwa zamu. Akaambiwa. Akalisogelea lile gari jekundu na kuweka mkono juu ya boneti.

"Mbona la moto?" akamwuliza mumewe.

Baada yake akaja kijana mwenye tai, naye akaweka mkono. Kisha wazee wawili. Kufikia saa saba na nusu, kila aliyeingia yadi alikuwa anashikashika maboneti kama daktari anayepima homa, na dalali wetu kijasho chembamba kinamtoka. Alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha mama mkubwa. "Mama yangu, tafadhali. Tuongee. Nakupunguzia bei sasa hivi, uondoke nalo."

"Bei tutaiongea," akasema, "injini ikishapoa."

Saa nane akasimama. Alikanyagakanyaga kuamsha miguu, akaweka kiganja kwenye boneti, kisha akaiinua na kushika chuma cha injini penyewe, na mkono haukuruka. "Haya," akasema, akamrudishia dalali ufunguo. "Liamshe."

Mara ya kwanza gari likakohoa tu. Mara ya pili likakohoa na kutetemeka. Mara ya tatu likawaka, likigonga tak tak tak, na kutoka nyuma ukafumuka moshi wa rangi ya bluu, mzito, ukafunika ukuta mzima wa yadi. Mume na mke wa gari jekundu wakarudi nyuma. Dalali akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Si nilisema!" Shemeji alipiga makofi kabisa. "Si nilisema mimi! Gari bovu!"

Nilijua shule imekwenda. Nilimwona mama mkubwa tena barabarani, mkono kiunoni, na nikataka kulia kabla yake.

Yeye aliinua kidole kimoja. "Subirini. Msilizime." Akaenda akasimama nyuma kabisa ya gari, katikati ya moshi, akikohoa, hataki kuondoka. Tukasubiri. Kugonga kukapungua, kisha kukakoma. Moshi ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukaisha. "Kanyaga mafuta," akamwamuru dalali. Injini ikanguruma. Hakuna moshi. "Kanyaga tena." Hakuna.

Akamwita fundi. "Fundi, watu wote hawa wamekuona na wamekusikia. Nikilinunua, wiki ijayo nalipeleka kwa fundi mwingine alifungue. Akikuta nilidanganywa, iwe na yule au na wewe, jina la aliyenidanganya nitalitaja kila harusi ninayopeleka viti. Sasa niambie tena. Injini iliyokwisha, moshi wake huwa unaisha hivi?"

Fundi alimtazama shemeji. Kisha akatazama chini, na nadhani hapo ndipo ufundi wake ulipoushinda ukuwadi. "Hapana," akasema. "Injini ikiwa imekwisha, ukikanyaga mafuta moshi unazidi. Huu wa kuamkia, mara nyingi ni vile vimpira vya kwenye valvu vimechoka. Gari likilala, oili inadondokea ndani. Inatengenezeka, haimfilisi mtu. Ila pia inaweza kuwa ringi za pistoni ndiyo zinaanza. Hiyo ni kazi kubwa. Bila kufungua, mama, siwezi kuapa."

"Kwa hiyo huenda dogo, huenda kubwa."

"Huenda."

Mama mkubwa alizunguka lile gari mara moja, polepole, akigusa bodi yake kwa vidole. Nikajua anahesabu, na nikajua kwamba safari hii hapimi kwa mwili. Hakuna pa kukaa akajitikisa akapata jibu. Aliporudi tulipokuwa, uso wake ulikuwa umetulia. "Nanunua," akasema.

"Una wazimu!" Shemeji alisahau sauti ya misiba. "Umeona moshi kwa macho yako!"

"Nimeuona. Ubovu wa gari hili ni huenda, shemeji. Wa kwako hauna huenda. Watu walisimama juani kutwa na maiti ikatoka mbele yao, na gari lako lilikuwa zima, halikuwa na moshi hata kidogo. Hili likiniangusha, nitajua limeniangusha chuma. Nimechoka kuangushwa na mtu kisha nimwite kwa heshima."

Hata dalali aliangalia viatu vyake. Mimi mwoga nilitaka kumshangilia kwa vigelegele pale pale yadini.

Bei waliongea dakika tano. Dalali alitoa kwenye bei gharama ya ile kazi ya vimpira, kisha akatoa na kidogo juu yake, ili tu kiti kile kiondoke mbele ya wateja wake. Tukaingia ofisini, chumba chenye meza moja na feni isiyozunguka. Dalali akavuta karatasi ya mauziano, akafungua kalamu, na kwa mazoea akamgeukia shemeji. "Jina kamili la mnunuzi, mzee?"

"Mnunuzi ni mimi," akasema mama mkubwa. "Na hiyo kalamu mpe binti yangu, ataandika yeye." Nikaketi. "Andika hivi. Gari limewashwa likiwa baridi, limetoa moshi wa bluu na kugonga kwa dakika mbili. Fundi amesema huenda ni vimpira, huenda ni ringi. Mnunuzi ameuona moshi, amemsikia fundi, na amenunua kwa akili zake timamu."

"Mama, hakuna mtu anayeandika ubovu kwenye hati!" dalali akalalamika. "Kwanza ukiandika hivyo, kesho huwezi hata kuja kunidai."

"Sina mpango wa kuja kukudai. Nataka iandikwe ili asitokee mtu akaenda kusema mtaani kwamba nilidanganywa. Sikudanganywa. Nimechagua." Akaisukuma karatasi kwa shemeji. "Shahidi."

"Mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza kusema ni bovu. Shahidi gani mwingine atanifaa?"

Baba mdogo aliisoma ile karatasi mara mbili. Alisaini kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa, halafu akajiegemeza kwenye kiti na kutoa silaha yake ya mwisho, akitabasamu kabisa. "Haya, umenunua. Na nani atakuendeshea? Maana mimi siendeshi mikweche."

Mama mkubwa akafungua pochi. Akatoa leseni mpya, bado ina ugumu wa kutoka ofisini, picha yake imenuna juu yake, akaiweka mezani. "Zile Jumanne nilizokuwa nasema nakwenda kupimwa presha," akasema, "nilikuwa chuo cha udereva."

Nami sikujua! Miezi minne nilikuwa namwuliza presha inaendeleaje, naye ananijibu imeshuka kidogo.

"Kwa hiyo huna presha?" nikamwuliza.

"Presha yenyewe si ndiyo huyo amekaa hapo?"

Tukatoka. Akapanda, akavuta kiti mbele, akarekebisha kioo. Safari ya kwanza gari likazimika kwa sababu aliachia klachi haraka, na shemeji akacheka kwa sauti. Mama mkubwa hakugeuka. Akawasha tena. Gari likasogea, likavuka yadi taratibu, likafika getini na kusimama, kwa sababu pikapu ya shemeji ilikuwa imeegeshwa katikati ya geti kama kawaida yake, pale anapopenda yeye.

Mama mkubwa akapiga honi, ndefu. Watu wote yadini wakageuka. Shemeji akabaki amesimama na mikono mifukoni. Akapiga tena.

Baba mdogo akatoa ufunguo, akapanda pikapu yake, akaisogeza.